Risasi ya Ngulungu Haichaguliwi kwa Rangi

Vijana wangu, wiki iliyopita mmoja wenu alisimamisha pikipiki mbele yangu, hapa Kolwezi, pale barabara ya malori ya madini inapopita kando ya soko. Akaizima kwa heshima, akaniuliza:

"Tata Kapenda, lisasi gani njo muzuri ya kupiga nyama?"

"Nyama gani?"

"Nyama tu, Tata."

Nilimtazama usoni nikaona hatanii. Ameajiriwa na shamba moja upande wa Mutshatsha, kazi ileile niliyoifanya mimi miaka ishirini na miwili: kuzuia nguruwe pori wasimalize mahindi, na kuwapatia wafanyakazi kitoweo wakati msimu wa kuwinda umefunguliwa. Wamempa bunduki yenye karatasi zake, na boksi la kartushi, risasi za ganda, ambalo hajui lina nini ndani. Nikaanza kumjibu, lori likapita, vumbi likatumeza sote wawili, na lilipotulia alikuwa ameshaondoka. Lakini hilo neno "nyama tu" lilibaki nami, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufikiri hivyohivyo, na aliyelipa hakuwa mimi. Kwa hiyo nimekaa niwaandikie, yeye pamoja nanyi wengine mnaobeba bunduki za mashamba. Mazungumzo nayaacha jinsi tulivyoyasema: "njo" ni ndiyo, "nyama" ni mnyama. Sikuzaliwa Unguja.

Nilipoanza kazi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilijua kulenga. Kulenga, mtu yeyote mwenye macho na subira hujifunza. Shamba lilikuwa la Madame Odile, mjane Mbelgiji aliyezaliwa hukuhuku, aliyetukana kwa Kiswahili chetu vizuri kuliko sisi. Aliyenifundisha kazi alikuwa Tata Samutela, Mlunda wa Kasaji, mtu mfupi, mwenye kifua kipana, aliyetembea porini kama mtu anayepita katikati ya watoto waliolala. Alinipokea siku ya kwanza kwa swali moja tu: kama ninakoroma. Nikasema hapana. Akasema, "Basi tutapatana," na ndiyo ikawa mahojiano yangu yote.

Jumatatu ya pili Madame alinituma Kolwezi kununua kartushi. Samutela alikuwa na homa, hakuniambia cha kununua, nami sikuuliza, maana kuuliza kungeonyesha kwamba sijui. Mwenye duka alinipangia maboksi mezani: ya kijani, ya buluu, ya njano, mekundu. Nikachagua mekundu. Nikuambieni kwa nini? Kwa sababu nyekundu ilionekana kali. Mwenye duka aliniuliza, "Ni ya kanga?" Kanga wa porini, yule ndege mwenye madoadoa. Nikadhani ananidharau kwa ujana wangu, nikamjibu kwa sauti nene, "Ni ya kazi."

Zilikuwa za kanga kwelikweli. Ndani ya kila kartushi mlikuwa na punje ndogo za risasi, ndogo kama mtama, zaidi ya mia mbili. Ukimpiga ndege anayeruka, mbili tatu zinamtosha. Ukimpiga ngulungu, huyo swala wa vichakani ambaye wengine humwita mbawala, dume lenye kilo sitini na pembe zilizosokotwa, punje hizo zinaingia kwenye ngozi na kusimama hapo. Zinamuumiza. Hazimuui.

Ijumaa ya wiki hiyo nikamwona ngulungu dume ukingoni mwa kijito, hatua arobaini hivi. Samutela alikuwa nyuma yangu. Nikalenga nyuma ya mguu wa mbele, mahali penyewe, nikapiga vizuri sana. Mnyama akaruka, akatoka mbio, akaingia kwenye majani marefu. Nikageuka nikicheka. Samutela hakucheka. Aliinama pale mnyama alipokuwa amesimama, akaokota jani lenye doa la damu, jekundu, dogo kama la mtu aliyejikata akimenya muhogo.

"Ulimupiga na nini?"

Nikamwonyesha ganda jekundu. Alilisoma, akafumba macho kidogo.

"Weye ulimutupia muchanga," akasema. "Sasa iko mu majani na bulozi yake."

Ulozi aliomaanisha ni hasira ya mnyama aliyeumia. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini mnyama uliyemjeruhi, humwachi. Hiyo kwake ilikuwa amri. Tukafuata damu kwa saa mbili nzima. Ngulungu mzima ni mwoga, vijana, anakimbia hata kivuli cha ndege. Ngulungu mwenye maumivu anakusubiri. Huyu alitusubiri nyuma ya kichuguu, na Samutela, ambaye kwa haki yote alipaswa kuwa nyuma yangu, alikuwa ametangulia kwa sababu hakuniamini tena. Niliona kitu cha kahawia kinatoka chini kama mlango unaofunguliwa kwa teke, nikasikia Samutela akisema "Eh!" kama mtu aliyeshangaa tu. Pembe ilikuwa imeingia pajani. Alimpiga mnyama akiwa ameketi chini, kwa bunduki yake mwenyewe, na mnyama akaanguka palepale.

Nilirarua shati langu nikamfunga. Nikambeba hadi njiani, nikampandisha kwenye baiskeli ya mchoma makaa aliyekuwa akipita, tukaisukuma mimi na mchoma makaa mpaka zahanati ya masista. Njia nzima nililia, na Samutela aliniomba niache kwa sababu machozi yangu yalikuwa yanamdondokea shingoni. Sista aliyemshona aliniambia kwamba kama pembe ingeingia upana wa vidole viwili pembeni, tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Siku ya nne nilikwenda kumwambia naacha kazi. Alikuwa ameketi kitandani anakula uji, amekasirikia kijiko kwa sababu kilikuwa kidogo.

"Tata, mi naacha. Nitatafuta kazi ingine, hata ya gari-moshi."

Aliendelea kula. Baadaye akasema: "Ukiacha, basi ile ngulungu ilinichoma bule. Ukibakia, ilinichoma juu ya kukufundisha. Chagula."

Nikabaki.

Alirudi kazini baada ya miezi miwili, na kuanzia hapo akawa anachechemea kidogo, hasa wakati wa baridi. Shule ikaanza upya. Siku ya kwanza alichukua sahani, akakata kartushi moja kwa kisu, akamwaga punje zake sahanini, akakata ya pili ya boksi jingine, ya tatu, ya nne. Nikaona mtama. Nikaona mbaazi. Nikaona zile tunazoziita shevrotini, kubwa kama njegere, tisa tu kwenye kartushi nzima. Na mwisho nikaona pande moja la risasi, zito, kama kidole gumba kilichokatwa: bali. Boksi la shevrotini lilikuwa la njano, lakini duka lingine liliziuza kwenye boksi jekundu. Nikasema, "Kumbe!" Samutela akasema, "Njo ile. Rangi ni ya mwenye kuuza. Bile biko mu ndani njo bya nyama."

Halafu tukatundika karatasi za mifuko ya simenti kwenye fito, tukazipiga kwa umbali mbalimbali, tukahesabu matundu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa hatua ishirini, shevrotini tisa zinakaa pamoja kwenye karatasi, upana wa kifua cha mnyama. Kwa hatua thelathini zinaanza kutawanyika. Kwa arobaini na tano unaweza kumkosa kabisa, au mbaya zaidi, moja ikampata tumboni. Na bunduki mbili za aina moja hazitawanyi sawa. Ya kwangu ilipeleka kushoto. Msiniulize kwa nini, muulizeni aliyeitengeneza. Ndiyo maana nawaambia: kabla ya kuuliza risasi gani ni nzuri, uliza mnyama gani, umbali gani, na bunduki yako inasema nini kwenye karatasi.

Lakini mtu aliyeungua ulimi hupuliza hata maziwa baridi. Baada ya balaa la kanga, nikawa siamini kitu kidogo. Nikaweka bali kwenye mitutu yote miwili, nikatembea nayo kila mahali. Siku moja nikampiga kabuluku, yule swala mdogo anayekaribia ukubwa wa mbuzi wa miezi sita. Alikufa, hilo sikatai. Nikampeleka jikoni kwa Mama Kalenga, mpishi wa wafanyakazi, mwanamke mwenye mikono kama ya seremala na ulimi uliozidi mikono. Baada ya robo saa akatoka na bakuli, akaliweka mbele yangu watu wote wakiona.

"Kapenda, baba, niambie. Hii ni kabuluku ao ni sombe?"

Sombe ni kisamvu, majani ya muhogo yaliyopondwa. Wafanyakazi walicheka hadi mmoja akamwaga bukari wake, ugali wetu. Tangu siku hiyo Mama Kalenga akawa mwalimu wangu wa pili. Kila mnyama niliyemleta alimkagua kama daktari. Alikuwa anaingiza kidole kwenye tundu, anapima nyama iliyoharibika kwa ncha ya mwiko, kisha anatoa hukumu: "Leo ulikuwa karibu sana." Au: "Hii ulipiga ikiwa inatembea." Hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, na hakuwahi kukosea. Kutoka kwake nilijifunza kwamba risasi ina kazi mbili: kumuua mnyama upesi, na kuwaachia watu chakula. Ikishinda moja tu, imeshindwa.

Sasa nifike kwenye habari ya revolva, maana najua wengine mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Miaka kumi na miwili baada ya pembe ile, Samutela alikuwa ameshapunguza kutembea, anaangalia zizi na kutushauri. Mimi ndiye niliyekuwa mwindaji wa shamba. Akaja shemeji yake Madame kutoka ng'ambo, Bwana Herman, mtu mrefu, mpole, mwenye masharubu aliyoyachana kila asubuhi. Alikuwa na revolva ndefu kama mkono wa mtoto. Kwao, alisema, wako wanaowinda paa kwa revolva, na ni heshima kubwa, kwa sababu unalazimika kumkaribia mnyama. Alitaka ngulungu. Karatasi zake zilikuwa kamili, na afisa wa wanyamapori alizikagua mpaka akachoka, akaandika: dume mmoja, ndani ya mipaka ya shamba.

Sikuwa nimewahi kuona mtu akiwinda kwa kitu kama hicho. Kwetu bastola ni kitu cha polisi. Nikamwuliza kwa Kifaransa anatumia risasi gani. Akanionyesha boksi lililojaa, risasi nyepesi, zenye tundu kwenye pua, zinang'aa kama hereni. Akasema ni za bei, ni za kisasa, zinafunguka kama ua zikiingia.

"Zilitengenezewa nini?" nikauliza.

Akafikiri. Alikuwa mkweli, huyo bwana. "Kujilinda," akasema. "Dhidi ya mtu."

"Mtu hana bega la ngulungu, Bwana."

Akacheka, lakini masikio yalimwiva. Akasema amepiga shabaha miaka mingi na ana vikombe nyumbani. Akasema labda mimi naogopa. Hapo Madame Odile akaniita pembeni, karibu na tangi la maji.

"Kapenda, huyu ni shemeji yangu. Usimupatishe haya."

"Madame, mi simupatishe haya. Lakini na ile lisasi, mi siende naye."

"Unakatala?"

"Nakatala, Madame."

 Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na kazi yenyewe haikuwa na mkataba wa kujivunia. Nilifikiri, basi, kesho nitakuwa na baiskeli ya makaa. Lakini Madame aligeuza macho kuelekea zizini, ambako Samutela alikuwa anavuka uwanja kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akipeleka ndoo. Akamwangalia mpaka alipofika.

"Mupime ile lisasi," akasema. "Ikishindwa mbele ya macho yake, atakubali. Ye anajivuna masharubu tu, si mutu mubaya."

Basi tukapima. Nilibomoa kichuguu, nikakanda udongo wake kwa maji mpaka ukawa mzito kama bukari uliolala, nikatengeneza matofali marefu, nikayapanga mawilimawili, moja nyuma ya jingine. Mbele ya kila jozi nikaweka mfupa wa bega la ng'ombe kutoka jikoni, wenye nyama kidogo. Mama Kalenga alikuja na mwiko wake bila kualikwa, akasimama na mikono kiunoni.

Bwana Herman alipiga moja ya zile zenye tundu. Mfupa ulipasuka. Tukafungua udongo kwa kisu: risasi ilikuwa imechanua na kusimama karibu sana, urefu wa kiganja changu tu. Shimo lilikuwa pana, la kutisha, na fupi. Akapiga ya pili, hivyohivyo, safari hii ikiwa imevunjika vipande viwili. Mama Kalenga akaingiza mwiko, akauchomoa, akaonyesha alama ya udongo.

"Hii haifike ku moyo," akasema. "Hii inafika ku mulango, inapiga hodi."

Nikamtafsiria Bwana Herman.  Alikwenda chumbani, akarudi na boksi dogo la zamani, lenye pembe zilizochakaa. Alisema ni za baba yake. Risasi nzito, ngumu, zenye pua bapa, hazina tundu. Hakuzipenda kwa sababu zilimrusha mkono. Akapiga. Mfupa ukatobolewa, tofali la kwanza likatobolewa, na risasi tukaikuta ndani ya tofali la pili, bado nzima. Samutela, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo, akatingisha kichwa: ndiyo.

Lakini kazi haikuisha, na hapa sikilizeni vizuri. Risasi nzuri ambayo huwezi kuielekeza si risasi nzuri. Nikatundika sahani ya chuma, ukubwa wa kifua cha ngulungu, pale moyo na mapafu yanapokaa. Kwa hatua arobaini, katika risasi tano, Bwana Herman alipata sahani mara mbili. Kwa thelathini, mara tatu. Tukasogea mpaka hatua ishirini na tano, na hapo akapata tano kwa tano, akarudia, tano tena. Nikachora mstari mchangani kwa kisigino.

"Ni hapa," nikamwambia. "Zaidi ya hapa, unaweka revolva kwenye ala yake, hata kama ngulungu amekuvulia kofia."

Akanipa mkono.

Asubuhi ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili, tukiwa tumejificha kwenye majani karibu na kijito, upepo ukitupiga usoni, ngulungu dume alitoka. Shingo nene, madoa meupe ubavuni, akila bila haraka. Nilipima kwa macho: hatua thelathini na tano. Bwana Herman aliinua revolva kwa mikono miwili. Nilisikia pumzi yake. Sikumgusa, sikusema. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na nilijua anawaza vikombe vyake nyumbani. Ngulungu akainua kichwa, akageuka ubavu mzima, kama mtu anayepigwa picha. Na Bwana Herman akaishusha revolva, polepole, akaiweka gotini. Mnyama akala dakika kumi nzima, akaondoka. Tuliporudi nilikuwa naona fahari utafikiri nimemzaa mimi.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya mwisho, kesho yake alikuwa anasafiri. Tuliamka tumechelewa kidogo, nikachukua bunduki yangu ukutani, tukatoka mbiombio. Mimi ndiye niliyekuwa wa kusaidia: kama mgeni akijeruhi, mwindaji wa shamba anamaliza. Ndiyo sheria. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi cha mtu kuvua koti ngulungu alipokuja, safari hii kwa njia ya juu, akishuka moja kwa moja kuelekea kwetu. Hatua arobaini. Thelathini. Alisimama nyuma ya kijiti, akanusa, akatoka. Hatua kumi na nane, ubavu wazi.

Mlio ulikuwa mmoja. Ngulungu aliruka, akakimbia na kichwa chini, akazama kwenye majani. Tukasikia kishindo, halafu kimya.

"Nimempata?" Bwana Herman alinong'ona. 

"Tunasubiri," nikasema.

Tukasubiri kama alivyonifundisha Samutela, muda wa kuvuta sigara moja, ingawa sivuti. Nikapita pale mnyama aliposimama: damu nyingi, nyekundu yenye povu. Ya mapafu. Habari njema. Nikamwambia mgeni akae nyuma yangu, na kabla ya kuingia kwenye majani nikaifungua bunduki yangu kuhakikisha kartushi zimekaa vizuri.

Nikaona majani. Kupitia mtutu wa kulia niliona majani, na kupitia wa kushoto pia.

Hapakuwa na kitu ndani. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimetoa kartushi kabla ya kuingia nyumbani, kama inavyotakiwa, nikaziweka dirishani. Na huko dirishani ndiko zilikokuwa. Nilipapasa mifuko: kisu, kitambaa, kipande cha muhogo wa kuchemsha. Siku tatu nimemfundisha mtu kuchagua risasi, na mwalimu mwenyewe amekuja na muhogo.

Ningesema palepale. Ndivyo ningewaambia ninyi mfanye. Lakini nilifunga bunduki kimya, nikaingia. Hatua ya kwanza, ya pili. Nilikuwa naona paja la Samutela kama vile limechanwa jana. Nikazunguka nitokee nyuma ya mnyama. Nikarusha bonge la udongo, likamwangukia mgongoni. Hakutikisika. Nikakata fito ndefu, nikamgusa jicho kwa ncha yake. Mnyama aliye hai, hata akiwa mahututi, anapepesa. Hakupepesa. Alikuwa amekimbia hatua thelathini tu tangu apigwe. Tundu la kuingilia, tundu la kutokea, mstari mmoja kupita kwenye mapafu.

Bwana Herman alipiga magoti kando yake, akaweka kiganja shingoni mwa mnyama, akakaa hivyo. Hakutaka picha.

Mchana Mama Kalenga alipima kwa mwiko, akatafuta la kulaumu, akakosa, akaenda zake amenuna. Saa kumi tulikula wote uwanjani, Madame, mgeni, wafanyakazi. Watu walinisifu. Mmoja akasema Kapenda ni fundi wa mafundi. Nyama ilikuwa laini. Hakuna aliyeona bunduki tupu. Kartushi nilikuwa nimeshaziondoa dirishani. Ningeweza kwenda na jambo hilo kaburini.

Nikasimama. "Bandugu," nikasema, "leo asubui mi nilifuata ile ngulungu mu majani na bunduki ya bule. Nilisahabu masasi ku nyumba."

 Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, akafuata wa pili, uwanja wote ukaanguka. Mama Kalenga alijifuta machozi kwa kitenge. Bwana Herman, alipotafsiriwa, alicheka hadi masharubu yakaingia kwenye mchuzi, halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyekuwa nyuma yangu.

Samutela hakucheka hata kidogo. Alimaliza kulamba mfupa, akauweka chini.

"Mwezi moja," akasema. "Unachunga ng'ombe. Bunduki inalala kwa Madame."

Nikamtazama Madame. Naye akasema, "Muzee amesema."

Kesho yake asubuhi nilikuwa malishoni na fimbo, nyuma ya ng'ombe ishirini na saba. Gari la kumpeleka Bwana Herman lilisimama njiani, akashuka, akavuka nyasi zenye umande na viatu vyake vya safari. Akanipa mkono.

"Nimelala nikifikiri," akasema. "Kwa nini ulisema? Hakuna aliyeona."

"Ngulungu angekuwa hai, wewe uliyekuwa nyuma yangu ungeona," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kuongeza neno, kitu cha maana ambacho angekwenda nacho ng'ambo, lakini ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa ameshaingia kwenye mahindi ya Madame, na Samutela alikuwa ananipigia kelele kutoka zizini, nikakimbia.